Darubini kwa Bei ya Mbuzi

Jirani yangu wa kulia katika uwanja wa shabaha, bwana mnene aliyestaafu kazi ya kuondoa theluji barabarani, alipoletewa karatasi yake alikuta ina matundu mengi kuliko risasi alizopiga. Akayahesabu. Akavua kofia, akayahesabu tena. Karatasi yangu mimi ilikuwa safi kama kanzu ya Ijumaa.

Msimamizi wa uwanja, mama mwenye mvi aliyewahi kuendesha basi la shule, alichukua muda kuelewa kilichotokea. Alipoelewa alinitazama kwa ile huruma ambayo wauguzi huwatazamia wagonjwa wanaodai wamepona.

"Bwana," akaniambia, "wewe ni mpigaji wa meza ya nne. Risasi zako zote ziko meza ya tano."

"Msimlaumu," akadakia rafiki yangu aliyekuwa nyuma yangu. "Kwao pwani ni watu wakarimu. Hata risasi hali peke yake, lazima amgawie jirani."

Nieleze kwanza mzee wa madrasa alifikaje mahali pale. Nimesomesha dini miaka mingi, kwanza Mombasa, kisha hapa ughaibuni, katika chumba cha chini cha msikiti mmoja mtaa wa Phillips. Kila mwaka nilifika kwenye somo linalotuhimiza tuwafunze watoto wetu kuogelea, kupanda farasi na kulenga shabaha. Nililifundisha kwa sauti ya mtu anayejua. Ukweli ni kwamba baharini sijawahi kwenda zaidi ya kiuno, farasi nilimwona ufukweni akipandwa na watalii, na shabaha sijawahi kulenga hata kunguru kwa jiwe. Mwenyezi Mungu ni mpole. Alinisubiri nizeeke, nipate pensheni na magoti mabovu, ndipo akaniletea somo lile mlangoni.

Aliyelileta ni rafiki yangu huyu. Ni Mtaita, mzee wa kanisa, na kabla ya kustaafu alifanya kazi hospitalini. Mimi na mke wangu tunakaa Columbia Heights, katika jengo la fleti la matofali mekundu, naye anakaa jengo linalotazamana na letu, ng'ambo ya maegesho ya magari. Yeye huniita Maalim, mimi humwita Mzee wa Kanisa, na tumetaniana hivyo tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi. Mkewe alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Tulimzika ardhi ikiwa ngumu kama saruji, watu wakarudi makazini, watoto wake wakarudi majimbo yao ya mbali, na pazia la sebule yake likafungwa.

Nasema pazia kwa sababu dirisha letu la jikoni linalitazama moja kwa moja. Mke wangu alikuwa akiosha vyombo huku akiliangalia.

"Pazia la shemeji halijafunguliwa," alikuwa akisema asubuhi. Jioni alisema vilevile. Tulimpelekea chakula, akakipokea mlangoni kwa shukrani, akarudi ndani. Nikimpigia simu kumwalika chai, alinijibu kwamba amekula. Nikimwuliza kala nini, anataja ule mchanganyiko wa nafaka na maziwa ambao watoto hula kabla ya shule.

Halafu mwenzake wa zamani wa hospitalini, Mmarekani mmoja aliyekuwa anahamia Arizona, akamwachia bunduki mbili ndogo za shabaha pamoja na kabati lake la chuma la kuzifungia. Ni zile za risasi ndogo kama njugu, ambazo mlio wake si mkubwa kuliko mlango wa kabati la jikoni ukifungwa kwa hasira. Akamwingiza pia katika klabu ya wazee wanaolenga karatasi kila Jumatano alasiri. Wapigaji hukaa ndani ya banda lenye joto, wakapiga kupitia madirisha madogo, na karatasi zimesimama nje kwenye theluji, yadi hamsini. Lakini ligi ya wazee ni ya wawili wawili. Asiye na mwenzake hapigi.

"Maalim," aliniambia siku hiyo kwenye simu, "hapa kuna bunduki mbili na mtu mmoja."

Nilikubali kabla hajamaliza, kwa sababu safari hii ni yeye aliyenipigia.

Basi Jumatano ikawa siku ya pazia kufunguliwa. Alifungua aone kama gari lake limefunikwa na theluji, akashuka, akalifuta, tukaenda. Tukirudi, alipanda kwetu, akanywa chai ya tangawizi, akamtania mke wangu, akaondoka. Kuanzia Alhamisi pazia lilikuwa limefungwa tena. Ilikuwa siku moja katika wiki, na mimi nilimshukuru Mungu kwa hiyo moja.

Tatizo likawa macho yangu. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaondolewa, alhamdulillahi, na nilikuwa naona mbali vizuri. Lakini bunduki ile ina alama ya chuma karibu na jicho, na alama nyingine kwenye ncha ya mtutu, halafu kuna shabaha yenyewe. Jicho la kijana huzipanga zote tatu kama maamuma kwenye safu. Langu lilikubali moja tu kwa wakati, mbili zilizobaki zikawa ukungu. Ndipo nikamlisha jirani.

"Nunua darubini ya bunduki," msimamizi aliniambia. "Ligi yetu inaruhusu. Lakini kama huoni vizuri, siwezi kukuruhusu upige ligi itakapoanza. Hata jirani akifurahi."

Kwenye gari, tulipopita daraja, rafiki yangu alipunguza mwendo.

"Si kitu, Maalim," akasema. "Tukiacha, tumeacha. Na baridi yenyewe hii."

Moyoni nikalisikia pazia likifungwa.

Mke wangu nilimweleza usiku huohuo, wakati anakunja nguo.

"Unataka kununua jicho la kutobolea karatasi?"

"La kulengea."

"Na ukishalenga?"

"Tunabadilisha karatasi."

Alikunja kanzu yangu taratibu, akailaza juu ya nyingine. "Ingekuwa ni wewe peke yako ningekuambia uende ukatembee kwenye jumba la maduka kama wazee wenzako. Lakini shemeji..." Akatazama dirishani. "Haya. Lakini isizidi bei ya mbuzi wa Idi. Ikizidi hata ukwato mmoja, mbuzi wa mwaka huu utamwinda kwa hiyo bunduki yenu. Na kwa ninavyosikia unavyolenga, utatuletea wa jirani."

Tukaenda duka moja kubwa la vifaa vya uwindaji na uvuvi, magharibi, mbele ya Saint Louis Park. Darubini zilikuwa zimepangwa kwenye kabati la kioo kama dhahabu ya sonara. Rafiki yangu aliinama akasoma bei kwa kipimo cha mke wangu.

"Hii mbuzi na robo. Hii mbuzi na mwanawe. Hii ni ng'ombe." Akasogea. "Mungu wangu. Hii ni harusi nzima pamoja na mahari."

Muuzaji alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu na subira ya mwalimu wa chekechea. Aliniuliza nitapiga nini, kwa umbali gani, na kama nitapiga nimekaa. Nilipomjibu, hakugusa zile za bei ya ng'ombe. Alitoa nyembamba, fupi, isiyo na mapambo, akaiweka juu ya kitambaa.

"Nusu mbuzi," rafiki yangu akanong'ona.

Kijana akatueleza. Darubini nyingi, alisema, zimepangwa kwa ajili ya mwindaji ambaye paa wake yuko mbali sana. Ukitumia moja yao kwa yadi hamsini, ukisogeza kichwa kidogo tu, ule msalaba wa kulengea uliomo ndani unatembea juu ya shabaha ingawa bunduki haikusogea. Hii ndogo imepangwa kwa yadi hamsini hasa, kwa risasi ndogo. Akasema watu hudanganywa na ukuzaji. Wanataka kioo kinacholeta kitu karibu mno, kumbe kinaleta karibu hata mtetemeko wa mikono yao. Afadhali kioo kisafi chenye ukuzaji wa wastani, na vifundo vya kurekebishia ambavyo ukivizungusha leo, kesho utavikuta palepale.

"Na jambo la mwisho," akasema. "Jicho lina mahali pake nyuma ya darubini. Likikaa vibaya, giza linaanza kula pembeni, mwanga unabaki kipande, kama mwezi mwembamba. Ukiona hivyo, usilaumu kioo. Sogeza kichwa."

Alipotaja mwezi, akili yangu ilitoka dukani.

Ilikuwa Shaaban, na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Mimi ni mmoja wa wazee wanaotoka kuutafuta mwezi jioni ya ishirini na tisa. Asiyekaa miji hii yetu miwili iliyoshikana hajui fitina ya mwezi. Nyumba moja baba hufuata mwezi wa Saudia, mama anasubiri tangazo la Mombasa, na mtoto anatazama simu yake huku akisema kwa Kiingereza kwamba hesabu zilishapigwa tangu mwaka jana. Mwaka uliopita katika jengo letu kulikuwa na watu waliofunga, waliokula, na familia moja iliyofunga mpaka adhuhuri ikabadilisha mawazo. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kilima saa nzima kwa macho matupu nisione kitu ila pumzi yangu mwenyewe.

Nikainua macho. Juu ya rafu, nyuma ya kijana, palikuwa na darubini ndefu nyeusi, mdomo mpana kama tarumbeta, imepunguzwa bei kwa kuwa toleo jipya limetoka. Mbuzi kasoro ukwato.

"Ile inaona mwezi?" nikamwuliza.

"Mwezi upi, bwana?"

"Wa mbinguni."

Kijana akajikuna ndevu. Alisema hajawahi kuulizwa. "Itauona, hadi mashimo yake. Kama utaweza kuishika bila kutetemeka. Lakini bwana, hii ni ya mbali."

"Mwezi uko mbali," nikamjibu.

"Maalim," rafiki yangu akanivuta mkono wa koti, "tumekuja kununua jicho la yadi hamsini."

"Tendo moja linaweza kubeba nia mbili. Wanazuoni wameruhusu."

"Hao wanazuoni walikuwa na bunduki?"

Nikaomba niichungulie. Mlango wa duka uliokuwa mbali sana ukaja puani pangu, na katikati yake mistari miwili myembamba imekatana.

"Unaona nini?" akauliza.

"Naona msalaba."

"Bwana asifiwe!" akasema kwa sauti iliyowageuza wateja. "Miaka yote hii nimekuombea."

"Ni alama ya kujumlisha."

"Hata sisi tulianza hivyohivyo, taratibu."

Nikainunua. Kijana aliifunga kwenye sanduku kwa upole, kama anayemfungia mizigo ya safari mtu asiyesikia ushauri.

Jumatano iliyofuata tuliifunga kwenye bunduki. Mdomo wake ulikuwa mpana hata ikabidi iinuliwe juu sana, na shavu langu likakosa mahali pa kukaa. Nililitarajia hilo, kwa kuwa nilikuwa nimeijaribu nyumbani mezani, darubini peke yake juu ya vitabu. Kwa hiyo nilikuwa nimemwomba mke wangu leso kuukuu, kanga yake ya zamani. Nikaikunja, nikaizungushia kitako cha bunduki, nikaifunga kwa utepe wa gundi. Maandishi yakabaki nje, meusi juu ya manjano: MACHO YENU HAYANIPUNGUZII KITU. Bwana wa meza ya tano akauliza yana maana gani. Rafiki yangu akamtafsiria. Bwana yule akasema hata yeye angependa moja, ya kumpelekea mama mkwe.

Nikakaa, nikachungulia, nikauona moyo wangu. Sisemi kwa mafumbo. Kila moyo ulipopiga, duara jeusi la shabaha lilirukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa. Nilipozuia pumzi, liliruka zaidi. Nikisogeza shavu, msalaba unateleza kutoka kushoto kwenda kulia na bunduki imelala kwenye mifuko ya mchanga haijatikisika. Nilivyokuwa naona kwa ukubwa! Niliona nyuzi za karatasi. Niliona chembe ya theluji ikiyeyuka. Sikujua tu ni karatasi ya nani.

Msimamizi aliporudi na matokeo alikuwa ameshika fremu ya mbao iliyotoboka badala ya karatasi.

"Kuna maendeleo," alisema. "Umerudi meza yako. Sasa tafuta karatasi." Kisha akashusha sauti. "Ligi inaanza wiki ijayo. Nawapenda nyote wawili, lakini sheria ni sheria."

Njiani rafiki yangu alisema, "Labda Mungu anatuambia tupumzike." Hakupanda kwetu kunywa chai. Alisema mgongo unamuuma. Mke wangu alisimama dirishani na kikombe cha tatu mkononi, akaona pazia likivutwa, akakirudisha kikombe kabatini.

Jumatatu ikawa ishirini na tisa Shaaban. Nikampigia simu rafiki yangu nikamwambia siwezi kuendesha kwenye theluji, na nahitaji mtu wa kunipeleka kutazama mwezi. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba mjukuu wangu angeweza kunipeleka. Alikubali, akaja.

Tulikwenda kwenye kilima cha bustani moja upande wa kaskazini, pale watoto wanapoteleza na vigari vya plastiki. Familia chache zilikuwa zimefika na chupa za chai: watu wa pwani, Wasomali, Waswahili wa Bara, na imamu wetu, kijana mpole ambaye nilimfundisha alifu na bee. Nilivaa kanzu juu ya suruali mbili za sufu, koti zito juu ya kanzu, na kofia chini ya kofia. Nikaitoa darubini kwenye mfuko.

"Shikamoo, Maalim," imamu akasema. "Hiyo ni nini?"

"Marahaba. Darubini."

"Mbona ina vifundo kama ya bunduki?"

"Kwa sababu ni ya bunduki. Bunduki yenyewe iko kabatini kwa Mzee wa Kanisa."

Imamu akatazama barabara, akasogea akasimama kati yangu na magari yanayopita. "Maalim wangu, nakuomba. Ukiinua, inua juu kabisa. Usiielekeze kwenye nyumba za watu."

Mhandisi mmoja kijana alikuwa amekuja na jedwali kwenye simu. Akaeleza kwa adabu kwamba kwa hesabu zake mwezi leo hauonekani. Nikamwambia hesabu ni hesabu na jicho ni jicho. Jua likatua. Mawingu yakaachia ufa mwekundu chini. Nikavua glavu, nikainua darubini kwa mikono miwili, nikatafuta, nikasogeza, na pale, katikati ya giza, nikauona. Mwembamba, mweupe, umepinda vizuri, mwezi wa kitabuni kabisa.

"Nimeuona!"

Takbira ikapaa pale kilimani. Akina mama wakakumbatiana. Simu zikatoka mifukoni. Imamu, kwa kuwa alifundishwa vizuri, akaniuliza maswali ya shahidi.

"Uko upande gani, Maalim?"

"Kushoto. Pembe zimeelekea kulia."

Rafiki yangu alikuwa karibu, akanipokonya darubini kwa hamu. "Hata mimi nauona!" akasema. "Lakini mimi wangu uko juu. Tena umelala chali."

"Umelala?"

"Chali kabisa, kama kaka yangu baada ya pilau."

Mzee mmoja wa Kisomali akaomba achungulie. Akasema kwake uko kulia, na ni mnene kidogo. Watu wakaanza kutazamana. Yule mzee hakuteremsha darubini. Aligeuka nayo polepole, kutoka magharibi kuja kaskazini, akaendelea mpaka akawa anatazama maegesho.

"Ajabu," akasema. "Umeandama hata juu ya gari langu."

Simu zikaanza kushuka kutoka masikioni. Na hapo nikaisikia sauti ya kijana mwenye ndevu nyekundu, wazi kama ananong'ona sikioni: giza linakula pembeni, mwanga unabaki kipande. Usilaumu kioo. Sogeza kichwa.

"Nafuta ushahidi wangu," nikasema.

"Maalim?"

"Nafuta. Sikuuona mwezi. Nimeona jicho langu limekaa vibaya."

Mhandisi kijana, Mungu amlipe, hakucheka. Alianza upesi kuandika ujumbe wa kuufuta ule uliokwisha kusambazwa. Lakini simu yangu ilikuwa imeshalia.

"Tunafunga kesho?" Ni mke wangu. "Nimepigiwa kutoka Saint Louis Park. Wanasema wewe ndiye uliyeuona. Nimeshaloweka kunde!"

"Sikuuona."

"Sasa uliona nini?"

"Kivuli cha kichwa changu."

"Kwa bei ya mbuzi," akasema.

Sauti yake ilitoka kwenye simu wakaisikia wote, na hapo rafiki yangu akashindwa. Alianza kwa kukohoa. Akainama, akashika magoti, akakaa kwenye theluji na suruali yake ya kanisani, akacheka mpaka sauti ikakatika, akabaki anatikisika mabega. "Juu ya gari," alikuwa akisema. "Umeandama juu ya gari!" Yule mzee wa Kisomali akakaa kando yake, akacheka naye. Machozi yalimtoka rafiki yangu, akayafuta kwa glavu, yakatoka tena, na safari hii hayakuwa ya kucheka peke yake.

"Mama watoto angeisikia hii," akasema, "angenisimulia kila siku mpaka nimchukie."

Tangu mazishi hakuwa amemtaja mkewe mbele yangu. Nikakaa upande wake mwingine. Baridi ilipenya suruali zote mbili za sufu na sikusimama.

Shaaban tukaikamilisha thelathini. Jumanne asubuhi simu ikalia nikiwa bado kwenye uradi wangu.

"Maalim, vaa viatu. Twende tukanunue ile nusu mbuzi."

Kijana wa dukani alitutambua. Hakuniuliza habari za mwezi, kwa adabu yake. Ile kubwa hawakuweza kuipokea tena, pete za kufungia zilikuwa zimeikwaruza. Rafiki yangu akaigeuzageuza mkononi.

"Hii nitaichukua mimi," akasema. "Nitalipa hii ndogo, tumebadilishana. Kuna ndege pale kwenye mti wa maegesho, nataka niwajue."

"Bei haziko sawa," nikamwambia. "Utakuwa umenipunja au mimi nimekupunja, moja kati ya hayo."

"Umenionyesha mwezi juu ya gari. Nani amepunjika hapo?"

Jumatano ikawa mosi Ramadhani na siku ya kwanza ya ligi. Msimamizi alituruhusu tuwahi, tukaipanga ile ndogo: kifundo cha juu, tik, tik, kifundo cha pembeni, tik, na risasi zikaanza kusogea kuelekea katikati kama watoto wanaoitwa kula. Ilikaa chini, karibu na mtutu, lakini leso niliiacha palepale, mkunjo mmoja tu, kwa kuwa shavu lilikuwa limeizoea. Niliona duara zima, jeusi, limetulia. Moyo wangu haukuonekana popote. Nilimshukuru Mungu kwa kila nisichokiona.

Hatukushinda. Katika jozi zote tulikuwa wa pili kutoka mwisho. Lakini matundu yangu yote yalikuwa kwenye karatasi yangu, na mawili yaligusa katikati. Bwana wa meza ya tano alihesabu ya kwake, akahesabu tena, akaniangalia kwa masikitiko ya mtu aliyekatiwa posho.

Jua lilipotua, msimamizi akasimamisha meza zote ingawa sikumwomba. Rafiki yangu akatoa tende kwenye mfuko wa koti. Alikuwa hajala tangu asubuhi.

"Usinihesabie," akasema. "Nilikunywa maji saa sita. Lakini ni aibu mtu kutafuna mbele ya mwenzake mwenye bunduki."

Sasa kuhusu ile darubini kubwa. Ndege wa kwenye mti wa maegesho aliwajua kwa siku mbili, wakamchosha. Siku ya tatu mke wangu, aliyekuwa jikoni, akaniita. Pazia la ng'ambo lilikuwa wazi, pande zote mbili, asubuhi, na haikuwa Jumatano. Nyuma ya kioo rafiki yangu alikuwa ameketi kwenye kiti, darubini ameilaza juu ya rundo la vitabu vya nyimbo, anatazama huku.

Mke wangu alimpigia simu akampa masharti: atazame dirisha la jikoni na si kilichomo jikoni. Yeye naye atatundika leso pale kila futari ikiwa tayari, asome, aje. Tangu hapo pazia halijafungwa ila usiku. Kila jioni mke wangu huchagua leso kwa makini kuliko anavyochagua viungo, na saa nyingine hucheka peke yake akiitundika.

Jana alitundika ile ya manjano. Nilikuwa nimeirudisha kutoka kwenye bunduki ifuliwe. Simu ikalia kabla hajashuka kwenye kiti.

"Maalim, mwambie shemeji nimesoma," rafiki yangu akasema. "Ni kweli macho yangu hayampunguzii kitu. Lakini nakuja na tumbo. Azihesabu sambusa zake mapema."